Avril Raybould na Amplifaya Kubwa Kama Kabati

Kwa miaka ishirini na saba Avril Raybould alipiga gitaa lake jikoni. Waliomsikia walikuwa mumewe Len, marehemu mama yake, na jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye kwa bahati njema alikuwa kiziwi wa sikio moja. Kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa, Avril alikaa kwenye stuli karibu na jiko, akachomeka waya wa gitaa nyuma ya redio ya zamani ya baba yake, na kupiga nyimbo zote alizozisikia wiki nzima. Gitaa lenyewe alilinunua kwa barua akiwa na miaka kumi na mitano. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, na redio iliunguruma kama paka aliyeshiba, lakini vidole vya Avril havikujali.

Vidole hivyo vilikuwa vya fundi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufuli pale Willenhall, mji wa makufuli huko Uingereza, kama mama yake na bibi yake. Siku nzima alipanga vibao vyembamba vya shaba ndani ya kufuli, vile vinavyoinuka ufunguo unapozungushwa, na kuvipiga tupa mpaka vikae sawasawa. Mtu anayeweza kuhisi kwa ncha ya kidole kwamba kibao kimezidi unene wa unywele hapati shida kubwa na nyuzi sita.

Mwezi Oktoba wa mwaka 1991, mwanamke mmoja wa kiwandani alistaafu, na wenzake wakamfanyia sherehe katika klabu ya wafanyakazi ya mtaani kwao. Bendi ilikuwa ya Selwyn Bytheway, mpiga ngoma mwenye kifua kama pipa, mchana akiwa dereva wa lori la vyuma chakavu. Mpiga gitaa wao, Barry, alikuwa ameumia kidole gumba na alipiga kwa kuugulia. Wanawake wa meza ya Avril, wakiwa wamechangamka kwa vinywaji, wakamsukuma jukwaani. Akapiga nyimbo tatu kwa gitaa la Barry: moja ya kale ya kurukaruka, moja ya polepole, na moja nzito, roki ya aina ile iliyozaliwa hapa hapa, kando ya nyundo za mvuke na matanuru.

Aliposhuka, Selwyn alimfuata mpaka kaunta. Akamweleza kwamba Barry anahamia Australia kumfuata binti yake, na kwamba bendi inahitaji mtu mmoja anayejua kila aina ya roki, kwa sababu klabuni wazee wanataka kucheza dansi ya ujana wao, wa makamo wanataka bluzi na nyimbo za miaka ya sabini, na vijana hawaingii ukumbini mpaka wasikie kitu kizito.

"Jumapili ya wiki mbili zijazo tuna onyesho la mchana hapa hapa," alisema. "Njoo na vyombo vyako mwenyewe. Tukimaliza tutakaa, tutakwambia ndiyo au hapana. Sitakudanganya, dada. Roy hapendi wazo hili hata kidogo."

Roy Tonks ndiye mwimbaji. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hawajazoea kumwona mama wa miaka arobaini na miwili na gitaa la umeme, na kwamba hata kadi ya klabu Avril hana, anaingia kwa kadi ya mumewe. Hilo lilikuwa kweli. Wanawake wote waliingia hivyo, na Avril hakuwahi kulifikiria hadi siku ile.

Usiku huo alimwambia Len kwamba atatumia akiba yake ya likizo, ile inayokatwa kiwandani kila Ijumaa. Len alikuwa na njiwa ishirini wa mashindano nyuma ya nyumba na alijua maana ya mtu kupenda kitu kisicho na faida. Aliuliza tu kama watakwenda pwani ya Wales mwaka ujao au hawaendi. Avril akasema hawaendi. Len akasema sawa, kule kulikuwa na mvua hata hivyo.

Jumamosi akapanda basi kwenda mji jirani wa Walsall, kwenye duka la vyombo vya muziki la Glyn Fereday. Glyn alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa na subira kubwa zaidi. Alimuuliza anataka kupiga muziki gani. Avril akajibu, wote.

"Kila anayekuja hapa husema hivyo," Glyn akasema. "Halafu ukimsikiliza, anajua wimbo mmoja. Haya mama, kaa."

Akampa gitaa la kwanza. Lilikuwa jepesi, na chini ya nyuzi zake kulikuwa na sumaku tatu nyembamba za kudaka sauti. Avril alipogusa uzi, sauti ikatoka safi kama kijiko kikigonga glasi. Kwa nyimbo za kale lilikuwa zuri mno, lakini alipojaribu kitu kizito likakonda, tena lilinguruma kwa sababu ya taa ndefu za darini. La pili lilikuwa zito, lenye sumaku mbili pana. Hilo halikunguruma, na noti moja ilisimama hewani mpaka Avril akaichoka mwenyewe. Ila kwenye mdundo wa dansi lilifanana na uji. La tatu lilikuwa na tumbo tupu kama la fidla, zuri kulitazama, lakini Glyn alipoongeza sauti likaanza kupiga mluzi bila kuguswa.

La nne halikuwa na sura ya kuvutia. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amelikwaruza mgongoni kwa bizimu ya mkanda. Lilikuwa na sumaku mbili pana, lakini kitufe kimoja cha kuzungushia, ukikivuta juu, kilizima nusu ya kila sumaku, na papo hapo gitaa likaongea kwa sauti nyembamba safi kama lile la kwanza. Avril alikivuta na kukirudisha mara sita. Alijua kazi nzuri akiigusa. Akasema hilo ndilo, na Glyn akatikisa kichwa kukubali, maana hata yeye angechagua hilo.

Ugomvi ulikuja kwenye amplifaya, chombo cha kukuza sauti ya gitaa.

Katika mji wa makufuli, mtu hupima kitu kwa mkono. Mteja akiingia kununua kufuli huinua moja, huinua la pili, huchukua lililo zito, na mara tisa kati ya kumi hakosei, kwa sababu uzito ni shaba na chuma, na chuma hakidanganyi. Avril alifundishwa hivyo na mama yake kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Glyn alipomwonyesha amplifaya ndogo ndogo, aliziinua moja moja kwa mpini, akaziweka chini bila hata kuchomeka gitaa. Macho yake yalikuwa kwenye kona, ambako kulisimama amplifaya ya wati mia moja juu ya sanduku la spika nne, kitu cha kumfikia kifuani. Akakumbatia pembe yake akajaribu kuisogeza. Haikusogea. Moyo wake ukatulia.

Glyn alimweleza kwa utaratibu. Ndani ya chombo hiki mna taa za kioo badala ya transista, na taa za kioo hazitoi ile sauti nzito, ya kukwaruza kwa utamu, mpaka uzisukume. Ukizisukuma kwenye hiki, utavunja madirisha ya klabu. Ukiipunguza, itaimba kwa adabu kama kwaya ya watoto. Tena karibu klabu zote sasa zimefunga ukutani kile kisanduku cha kupima kelele kwa sababu ya malalamiko ya majirani: taa ya kijani, taa ya njano, taa nyekundu, na nyekundu ikiwaka sekunde tano, umeme wa jukwaa unakatika.

"Nakijua," Avril akasema. "Nitapiga kwa sauti ya chini."

"Hujanielewa, mama. Ukipiga kwa sauti ya chini hutapata unachokitaka. Ukikipata unachokitaka, hutakuwa na umeme."

Kuambizana kupo, kusikilizana hapana. Avril alikuwa amekwisha kulipa moyoni. Aliinunua, na Len na rafiki yake wa njiwa wakaileta nyumbani kwa gari la maziwa. Haikupita mlango wa jikoni. Ilikaa sebuleni mbele ya televisheni, na kwa siku nane Len alitazama habari akiwa amesimama.

"Angalau ina joto," alisema, akiweka mikono juu yake. "Nikileta mayai ya njiwa yataanguliwa."

Avril alifanya mazoezi kwa sauti ya chini kabisa. Kweli, nyimbo nzito zilitoka bubu, lakini alijiambia kwamba ukumbini mambo yatakuwa tofauti.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya baridi ya kukata. Saa sita mchana klabu ilikuwa imejaa, watu wamening'iniza makoti mazito ya sufu kwenye chumba cha mlangoni, mikate ya duara ya jibini na kitunguu imepangwa kaunta, na kipande cha nyama ya ng'ombe cha bahati nasibu kimelala kwenye sinia karibu na jukwaa. Wanaume wanne walipandisha ile amplifaya kwa ngazi. Roy Tonks aliitazama akasema alidhani wamekuja kupiga muziki, si kuhamisha samani.

Katibu wa burudani wa klabu alikuwa Horace Pargeter, mzee mfupi mwenye tai na ufunguo mmoja mfukoni, ufunguo wa kurudisha umeme. Aliwakusanya wanabendi na kuwakumbusha sheria ya kamati, kama alivyomkumbusha kila aliyepanda pale tangu kisanduku kifungwe: umeme ukikatika mara moja, anaurudisha, ukikatika mara ya pili, bendi inafungasha na kamati hailipi. Alipomaliza alimtazama Avril, kisha kabati lake, kisha Avril tena.

Nyimbo nne za mwanzo zilikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Zilikuwa za kale, za sauti safi. Alivuta kile kitufe juu, akapiga kwa wepesi, na wazee wakainuka wawili wawili. Kisanduku ukutani kilibaki kijani. Selwyn alimtupia jicho juu ya ngoma zake na kuinua nyusi, na kwa Selwyn hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Wimbo wa tano ulikuwa mzito. Avril alishusha kitufe, akagonga noti ya kwanza, na noti ikadondoka miguuni pake kama soksi iliyolowa. Roy alimgeukia. Vijana waliokuwa wamesogea mbele wakaanza kurudi nyuma. Avril aliona wazi kinachotokea: nafasi aliyoisubiri bila kujua kwamba anaisubiri ilikuwa inamtoka, na ilikuwa inatoka kwa sababu ya aibu ya sauti ndogo. Akanyoosha mkono nyuma, akazungusha sauti hadi nusu.

Ilikuwa sauti aliyokuwa akiisikia kichwani miaka ishirini na saba. Ilimpiga mgongoni kama mtu aliyemsukuma, glasi zikatetemeka mezani, na kwa muda alisahau kutazama ukuta. Kijani, njano, nyekundu. Kisha taa za jukwaa zikazimika, gitaa likanyamaza, besi ikanyamaza, Roy akabaki anafungua na kufunga mdomo kwenye kipaza sauti kilichokufa. Selwyn peke yake aliendelea, maana ngoma hazina waya, akapiga mistari miwili mizima kabla ya kugundua kwamba yuko peke yake.

Ukumbi ulicheka kwa moyo wote. Mtu wa nyuma akauliza kama kuna mwenye sarafu ya kutia kwenye mita ya umeme. Horace alipanda jukwaani bila haraka, akatangaza kwa kifua chake mwenyewe kwamba sasa kuna mchezo wa bingo, halafu bahati nasibu ya nyama, na bendi itarudi baada ya nusu saa kama itakuwa bado ni bendi.

Kwenye kijichumba nyuma ya jukwaa Roy alisema wazi. Alisema wapige zile za kale tu, wamalize, kisha wamtafute mtu mwingine. Selwyn alifuta jasho na kumwambia Avril kwamba hana mengi: bila nyimbo nzito hakuna kazi, maana kamati ndiyo ilizitaka ili vijana waje, na umeme ukikatika tena, hakuna malipo ya mtu yeyote.

Avril alirudi jukwaani peke yake wakati bingo ikiitwa, akachuchumaa mbele ya lile sanduku la spika. Hakuona tena uzito. Alifikiri kama anavyofikiri kufuli linapogoma: hulazimishi ufunguo, unatafuta kinachozuia kiko wapi. Sauti aliyoitaka ilikuwa ndani ya taa za kioo. Kelele ilikuwa kwenye spika. Na kisanduku cha ukutani kilisikia kwa kipaza sauti kidogo kilichoning'inia darini, mbele ya jukwaa. Taa za kioo lazima zisukumwe. Spika si lazima zimtazame mtu.

Akamwita Len, wakaligeuza sanduku likatazama ukuta wa nyuma. Akalijaribu kwa noti moja. Horace akainua kichwa kutoka kwenye namba zake, na taa ikaruka hadi njano. Bado.

"Lete koti lako," akamwambia Len.

"Koti langu limefanya nini?"

"Len."

Akalifunika sanduku kwa koti la Len, kisha lake. Haikutosha. Ndipo mwanamke mmoja wa meza ya kiwandani, Mavis, aliyekuwa akifuatilia yote na bingo yake kwa wakati mmoja, aliinuka akaenda chumba cha mlangoni bila kuuliza mtu. Alirudi amekumbatia makoti manane. Wa nyuma yake alileta sita. Watu walianza kuelewa, na kwa kuwa walikuwa watu wa viwanda, kila mmoja alikuwa na maoni: weka la manyoya ndani, acha la mvua, halifai, ziba hapo pembeni, shoga, panavuja. Mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye tanuru miaka arobaini alisimamia kama msimamizi wa ujenzi. Walipomaliza, nyuma ya jukwaa palisimama kitu mfano wa dubu aliyelala.

Horace alikuja kukitazama. Akazunguka. Akasema kamati haina sheria yoyote kuhusu makoti.

Bendi ilirudi. Avril aliweka sauti pale pale kwenye nusu, akapiga noti ya kwanza ya ule wimbo mzito, na kutoka ndani ya sufu na manyoya ikatoka sauti nene, ya kukwaruza, iliyojaa, lakini ya mbali, kama kiwanda kinachofanya kazi mtaa wa pili. Taa ikapanda njano ikakaa njano. Vijana walirudi mbele. Wakapiga nyimbo nzito tano mfululizo, na katika wa nne Roy alisahau kwamba amekasirika.

Ulibaki wimbo wa mwisho, ule wa polepole wa kuchezea mtu na wake, ambao kila klabu hufungia. Huo ulihitaji sauti safi, na amplifaya ilikuwa bado imesukumwa, tena chini ya makoti. Avril akavuta kitufe juu, akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, na ukali ukayeyuka kwenye taa za kioo ukabaki utamu. Ila ulikuwa utamu uliofunikwa blanketi. Akaanza hivyo hivyo. Lakini saa ilikuwa imekaribia nane, nyama zilikuwa kwenye majiko ya nyumbani, na watu walianza kujitayarisha kuondoka. Mavis alinyemelea nyuma ya jukwaa akachomoa koti lake. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila koti lilipotoka, gitaa lilifunguka kidogo zaidi, na Avril, akisikia hivyo, alipunguza kwa kidole kimoja, ubeti baada ya ubeti. Wa mwisho kuchukua alikuwa yule mzee wa tanuru, na noti ya mwisho ilisikika safi kabisa, ndogo, huku taa ya ukutani ikiwa kijani.

Kikao cha bendi kilifanyika uani, nyuma ya gari la Selwyn, na hakikuwa kirefu. Roy alisema umeme ulikatika. Selwyn akamkumbusha kwamba Barry aliukata mara kumi na nne kwa miaka mitatu na hakuna aliyemvulia koti. Mpiga besi akasema yeye ni ndiyo. Roy akavuta sigara yake mpaka kwenye kichungi, kisha akamuuliza Avril kama anaweza kushusha ule wimbo wa tatu nusu toni, kwa sababu unamkaba koo.

"Naweza," Avril akasema.

"Basi si ungeniambia tangu asubuhi."

Selwyn alimpa mkono. "Umeingia, dada. Ila lile kabati halipandi tena kwenye gari langu. Mgongo wangu haujajiunga na bendi yoyote."

Jumamosi iliyofuata amplifaya ilirudi Walsall kwa gari lile lile la maziwa. Glyn aliipokea, akamsikiliza Avril akieleza habari ya makoti tangu mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akavua miwani. Hakumwambia kwamba alimwonya. Aliuliza tu safari hii angependa kuinua ipi.

Avril akavuta kiti, akakigeuza kikatazama dirisha, akakaa akilipa duka zima mgongo. Akamwambia Glyn azichomeke amplifaya moja moja, asimwambie ni ipi, asimwambie bei wala ukubwa. Kwa saa nzima alipiga: mdundo wa dansi, bluzi, kitu kizito, wimbo wa polepole, kisha upya kwa amplifaya nyingine. Wapita njia walisimama upande wa pili wa kioo na kumtazama, naye hakuwaona kwa sababu alikuwa amefumba macho. Ya kwanza ilikuwa kavu. Ya pili ilipendeza kwenye bluzi, ikachoka kwenye nzito. Kwenye ya tano aliacha kupiga, akaomba tena ile ile. Hiyo ilikuwa na kitufe kimoja cha kusukuma taa za kioo na kingine, mbali nacho, cha kusema ni kiasi gani cha sauti kitoke nje, na alivigundua vyote viwili kwa sikio kabla Glyn hajaeleza kitu.

"Ni hii," alisema. Ndipo akageuka kuitazama.

Glyn alipokuwa akiifunga kwenye karatasi, Avril aliomba pia seti nne za nyuzi. Glyn akasema seti moja humtosha mtu miezi mitatu. Avril akatoa mfukoni kipande cha karatasi alichoandikiwa na Selwyn, chenye majina ya klabu na tarehe, Jumapili saba mpaka Krismasi na Jumamosi tano kati yake, akakinyoosha juu ya kaunta ili ajionee mwenyewe.